Nguvu Inakwenda Wapi

Chuma hakipasuki tu pale kilipo chembamba. Mara nyingi hupasuka pale ambapo nguvu imefika ikakosa pa kupitia. Fundi anayeukuta ufa anaweza kuuziba, au anaweza kuuliza nguvu iliyoufanya ilitoka wapi na ilikuwa inakwenda wapi. Kuziba ni kazi ya nusu saa. Kuuliza kunaweza kumaliza msimu mzima wa baridi, na Stockholm msimu huo ni mrefu.

Chombo ninachokizungumzia ni traiki, pikipiki ya magurudumu matatu iliyojengwa kwa mkono. Mbele ina uma mrefu na gurudumu moja. Nyuma ni nusu ya Volkswagen Beetle: injini, giaboksi, ekseli na springi zake zote. Wajenzi wengi wa Ulaya wameipenda nusu hiyo kwa sababu inayoeleweka. Katika Beetle, kila kitu kinachosukuma gari kimekaa mkiani, kwa hiyo ukilikata gari unapata kipande kinachojitosheleza, huna haja ya kutafuta shafti ndefu ya kupeleka nguvu kutoka mbele hadi nyuma. Unachomelea fremu ya mabomba, unaweka uma, unaweka viti, na chombo kinatembea.

Mwenyewe ni ndugu kutoka Goma, ambaye mguu wake mmoja ulipooza kwa polio tangu utotoni. Pikipiki ya magurudumu mawili inadai mguu wa kuisimamisha kwenye taa nyekundu. Traiki haidai. Klachi imehamishiwa mkononi, gia iko pembeni mwa paja, na mtu huyo, ambaye kwenye treni za mjini watu humwachia kiti kabla hajaomba, anapita daraja la Västerbron jioni ya Juni, Ziwa Mälaren likiwa chini yake, bila kuhitaji msaada wa mtu. Kwa hiyo traiki ilipoanza kulia upande wa nyuma, mlio mkavu wa chuma kila ilipopita juu ya tuta, jambo hilo halikuwa la kuchukuliwa kama tatizo la chombo cha starehe.

Ufa hauonekani kwa macho kila mara. Tuliondoa rangi kwa brashi ya waya, tukasafisha kwa kimiminika cha kuondoa mafuta, kisha tukapuliza ile dawa nyekundu ya kusakia nyufa. Unaiacha inywewe, unaifuta mpaka chuma king'ae, unapuliza poda nyeupe juu yake. Halafu unasubiri. Kama chuma ni kizima, poda inabaki nyeupe. Kama kina ufa, wekundu uliojificha ndani unapanda taratibu na kuchora mstari juu ya weupe, mwembamba kama uzi mwanzoni, halafu unanenepa. Mstari wetu ulitokea kwenye kishikio cha juu cha shokapu ya kulia, ukazunguka pembe ya bamba na kuingia kwenye bomba la fremu lenyewe.

Bamba hilo ndilo lililonishughulisha zaidi. Halikuwa la mjenzi wa kwanza. Mtu fulani, miaka kadhaa nyuma, aliukuta ufa wa awali akafunika eneo lote kwa chuma kinene, akachomelea kuzunguka pande zote nne. Kazi yenyewe ilikuwa safi, mshono umelala vizuri, hauna matundu wala matone. Na ufa mpya ulikuwa umepita pale pale mshono unapoishia, kwenye bomba jembamba, sentimita chache tu kutoka ule wa zamani.

Hapa ndipo watu wengi wanapolaumu chuma. Bomba lilikuwa dhaifu, wanasema, basi na lenyewe tulivalishe bamba. Lakini fikiria kilichotokea. Bomba linapobebeshwa mzigo hupinda kidogo, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, na kule kupinda kunagawanyika kwenye urefu wake wote. Ukilifunika sehemu moja kwa chuma kinene, sehemu hiyo inakataa kupinda. Kupinda kote kunahamia ukingoni, penye mpaka wa unene na wembamba. Na mpaka huo ndio uliopitiwa na moto wa kuchomelea, ambapo chuma kimepashwa kikapoa haraka na hakina tena tabia yake ya zamani. Yule aliyeliweka bamba aliiondoa nguvu mahali palipopasuka akaipeleka mahali palipokuwa pazima.

Nimeyaona haya Dar es Salaam kwa namna nyingine. Mwenye guta au lori dogo anapochoka kuona springi zimelala chini ya mzigo, anampelekea fundi aongeze pande moja la springi juu ya mengine. Mkia unanyanyuka, mwenye mali anafurahi, na magunia yanaongezwa. Baada ya muda ekseli imepinda, au chesisi imechanika nyuma ya kishikio cha springi. Springi iliyoongezwa ni nzima kabisa, haina hata alama. Watu hutazama uzima wake na kusema fundi alifanya kazi nzuri.

Basi tuliuliza swali. Kwa nini kishikio cha shokapu kilipigwa kiasi hicho, wakati kazi ya shokapu haikuwa kubeba mzigo? Shokapu inatuliza mwendo wa springi, isiruhusu gari lirukeruke. Mzigo hubebwa na springi. Na springi za Beetle ni jambo ambalo linastahili kuelezwa polepole, kwa sababu mafundi wengi wa leo hawajawahi kuzifungua.

Beetle haina springi za kuviringishwa nyuma, wala haina za mapande. Chini ya kiti cha nyuma kuna bomba nene linalokatiza gari kutoka upande mmoja hadi mwingine, na ndani yake zimelazwa nondo mbili za chuma cha springi, moja kila upande. Ncha ya ndani ya kila nondo imeshikwa katikati ya bomba, haiwezi kugeuka. Ncha ya nje imeshika mkono bapa unaoelekea nyuma hadi kwenye gurudumu. Gurudumu likipanda jiwe, mkono unainuka na nondo inasokotwa. Jiwe likipita, nondo inajisokotoa na kulirudisha gurudumu chini. Hakuna zaidi ya hapo. Ferdinand Porsche aliomba hataza ya springi za namna hii mwaka 1931, kabla Beetle haijazaliwa, na barabara za kwetu zilizijaribu mapema. Mashindano ya magari ya Safari yalipoanza mwaka 1953, Beetle zilikuwamo miongoni mwa magari yaliyovuka Kenya, Uganda na Tanganyika, na Beetle ikaibuka mshindi mwaka 1954, ikarudia 1957 na 1962.

Ncha zote mbili za nondo zina meno, na hapo pana kitu ninachokiheshimu sana. Ncha ya ndani ina meno 40, ya nje ina 44. Jino moja la ndani ni sawa na digrii 9. Jino moja la nje ni digrii 8 na ushei. Kama ungekuwa na meno upande mmoja tu, ungeweza kupandisha au kushusha mkia kwa hatua kubwa mno, gari likae kama limechuchumaa au limesimama vidole. Lakini ukizungusha nondo jino moja la ndani kwenda upande huu, kisha mkono ukaurudisha jino moja la nje kwenda upande ule, kinachobaki ni tofauti ya hatua hizo mbili, isiyofika hata digrii moja. Fundi anaweza kurekebisha urefu wa gari zima kwa vipimo vidogo bila kukata wala kuchomelea kitu.

Nondo hizo zina masharti. Ya kulia haihamishiwi kushoto, kwa sababu kila moja imeshazoezwa kiwandani kusokotwa kwa upande wake. Haigongwi kwa nyundo moja kwa moja, wala haikwaruzwi, kwa kuwa mkwaruzo mdogo juu ya chuma kinachosokotwa mara mamilioni ni mbegu ya ufa. Ukichomelea karibu nayo bila kuitoa, joto linaua uspringi wake na huwezi kuurudisha. Raba zinazozunguka mkono hupakwa poda ya mtoto, zisishike chuma wakati wa kufungwa. Tulipozichomoa, ya kushoto ilitoka vizuri. Ya kulia ilitoka na kutu. Chumvi inayomwagwa kwenye barabara za Uswidi majira ya baridi huyeyuka, hupanda na maji ya tairi na kutafuta kila tundu lililoachwa wazi. Ndani ya bomba lile ilikuwa imekaa muda mrefu.

Sasa, nondo zile zilitengenezwa kwa ajili ya gari kamili, lenye uzito wa karibu kilo 800, na watu na mizigo juu yake. Traiki haina bodi wala milango, haina ekseli ya mbele. Kwa hiyo mkia wake ulikuwa unakaa juu kuliko inavyotakiwa, na kwa ekseli za zamani za Beetle, zile zinazobembea kutoka kwenye giaboksi, mkia ukikaa juu magurudumu huingiza miguu ndani kwa chini. Mjenzi aliliona hilo. Akazungusha mikono, akaushusha mkia, magurudumu yakasimama wima na chombo kikapendeza. Lakini ili kushusha kiasi kile aliondoa raba za kikomo, zile zinazopokea mkono unapofika mwisho wa mwendo wake, na akabakiza shokapu zenye urefu wa zamani. Kuanzia siku hiyo shokapu ilikuwa karibu kufungana hata chombo kikiwa kimesimama. Akikaa dereva, nafasi ikapungua. Akipanda abiria, ikaisha. Kila kilipopita juu ya kitu, shokapu iligota ndani yake yenyewe ikawa gongo la chuma kati ya gurudumu na fremu, na kile kishikio kidogo, kilichowekwa kwa ajili ya kutuliza mwendo, kikapokea pigo la gurudumu zima. Ukiacha kutu ya ile ya kulia, springi zilikuwa nzima, zina nguvu za kutosha kwa gari kubwa kuliko hili, na hazikupewa nafasi ya kufanya kazi.

Stockholm ina vitu vingi vya kupita juu yake. Mawe ya mji mkongwe wa Gamla Stan, reli, matuta ya kupunguza mwendo. Halafu kuna kile kinachofanywa na barafu: maji yaliyo chini ya lami yanaganda, yanavimba na kuinua barabara, na ikifika masika yanayeyuka na kuacha mashimo. Mtu aliyekulia Tanga anashangaa kuona nchi tajiri ikipambana na mashimo kila mwaka, mpaka aone barabara ilivyonyanyuliwa kutoka chini.

Wazo la kwanza linalomjia mtu ni kulainisha springi. Traiki hairuhusu kirahisi. Gari la magurudumu manne linapokata kona, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanasaidiana kulizuia lisilale. Gurudumu moja la mbele haliwezi kuzuia kitu. Liko katikati, chombo kinaweza kulalia upande wowote bila lenyewe kupinga. Kazi yote ya kuzuia ulalo iko nyuma, kwenye nondo mbili. Pikipiki ya kawaida nayo ina njia yake: inainama pamoja na dereva, nguvu ya kona inashuka chini kupitia tairi. Traiki haiinami. Nguvu ya kona inaisukuma ubavuni, inahamia gurudumu la nje, na ikizidi, chombo kinapinduka kupitia mstari unaotoka gurudumu la mbele hadi lile la nje la nyuma. Dereva yeyote wa bajaji anaujua mstari huo hata kama hajawahi kuuchora. Ukilainisha nyuma kwa ajili ya mawe ya Gamla Stan, utakuja kulipa kwenye kona.

Mwenye chombo alikuwa akisikiliza haya yote akiwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Aliogopa kitu kimoja tu, tusije tukakaza kila mahali. “Usiikaze sana, ndugu,” aliniambia. “Ukiikaza, mugongo yangu ndiyo itakuwa springi.”

Alijua alichokuwa anasema. Kwao Goma, kwenye mpaka mdogo wa kuingilia Gisenyi, Petite Barrière, watu wenye ulemavu wamefanya biashara kwa miaka mingi wakiwa juu ya baiskeli kubwa za magurudumu matatu za kusukuma kwa mikono, zilizojengwa na wachomeleaji wa mtaani, zikibeba magunia ya unga, vitunguu, sabuni. Walipewa nafuu ya ushuru kwa sababu ya hali yao, na wafanyabiashara wazima wakawapa mizigo wawavushie. Mwaka 2020 mpaka ulipofungwa kwa ajili ya korona, kipato hicho kilikatika. Baiskeli zile nyingi hazina springi hata moja. Zinatembea katika mji ambao lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati yake mwaka 2002 ikaganda kuwa mawe meusi, na mwaka 2021 mlima ukamwaga tena. Nguvu inayotoka kwenye jiwe inapanda kupitia tairi, inapita kwenye fremu isiyopinda, na inaishia kwenye uti wa mgongo wa mtu ambaye miguu yake haiwezi kumwinua kidogo atoke kwenye kiti. Fremu inaweza kudumu miaka mingi hivyo. Anayechakaa ni aliyekaa juu yake.

Tangu nilipolisikia neno la mwenye chombo, sioni tena kuwa mahesabu ya kuimarisha chombo yanaishia kwenye chuma. Yanaanzia kwenye jiwe na kuishia kwenye mwili, na fundi akiacha sehemu yoyote ya njia hiyo bila kuiangalia, nguvu itakwenda kuishia hapo.

Tulichofanya ni hiki. Tuliutoboa mwisho wa ufa tundu dogo, usiendelee kutembea. Tukaliondoa bamba la zamani kwa grenda, polepole, tukakata kipande cha bomba kilichochoka na kuunganisha kingine cha unene ule ule, na kipande cha bomba jembamba ndani yake kushikilia kiungo. Badala ya bamba la mraba tuliweka pembetatu ndogo zenye ncha ndefu, ili unene upungue taratibu na bomba lisikutane na ukuta wa ghafla. Vishikio viwili vya shokapu, ambavyo vilikuwa vimesimama kila kimoja peke yake, tulivifunga pamoja kwa bomba moja la kukatiza, ili pigo la kulia liegemee pia kushoto. Raba za kikomo zikarudi. Shokapu mpya zilichaguliwa kwa kupima mwendo wa gurudumu kutoka juu kabisa hadi chini kabisa, na kuhakikisha raba inapokea kabla shokapu haijagota. Mkia ukapandishwa kidogo kwa ile hesabu ya meno ya ndani na ya nje. Magurudumu hayako wima kama zamani. Dereva akikaa yanakaribia kunyooka, na abiria akipanda yananyooka.

Nje kidogo ya Stockholm, Upplands Väsby, ndiko kilipo kiwanda cha Öhlins, kilichoanzishwa na Kenth Öhlin mwaka 1976 na ambacho shokapu zake zimefungwa kwenye pikipiki za mashindano duniani kote. Na Solna, mji ulioungana na Stockholm, ndiko alikozaliwa Björn Waldegård, aliyeshinda Safari mwaka 1977, 1984, 1986 na 1990. Nawataja wawili hawa kwa kuwa tunapozungumzia nchi hii kwetu, tunazungumzia misaada na Scania. Tunasahau kuwa Waldegård aliheshimika Kenya kwa kufikisha gari zima mahali ambapo wenye kasi zaidi walikuwa wameshavunja ekseli. Anayeishi kwa kuendesha gari kwenye makorongo anajua kuwa springi ni kitu cha kutunzwa nafasi yake.

Uswidi ina jambo jingine ambalo ningependa lijulikane zaidi Afrika Mashariki. Mtu wa kawaida anaruhusiwa kujenga gari au pikipiki yake, akaisajili na kuiendesha kihalali. Kabla ya ukaguzi wa usajili, chombo hupita mikononi mwa wakaguzi wa SFRO, shirikisho la kitaifa la wajenzi wa magari, watu ambao wenyewe wamejenga na wanajua mshono unavyotakiwa kulala. Mazoea hayo yana mizizi. Wakati wa vita kuu ya pili ya dunia, wakulima waliokosa matrekta walikata magari makuukuu wakayageuza kuwa matrekta, na serikali, badala ya kuyakamata, iliyaandikia kanuni. Vizazi vya vyombo hivyo vinaendeshwa hadi leo na vijana wa miaka 15. Na kila mwaka mwanzoni mwa kiangazi, Norrtälje, kaskazini mwa Stockholm, hufanyika maonyesho ya pikipiki za kujengwa kwa mkono, na wajenzi hupiga magoti kutazama chini ya kazi za wenzao.

Kwetu ujuzi upo. Gerezani na Kariakoo za Dar es Salaam, Kamukunji ya Nairobi, Goma, kila siku kuna mtu anayejenga guta, anayegeuza pikipiki kuwa ya kubebea mizigo, anayemtengenezea mlemavu baiskeli ya magurudumu matatu. Kinachokosekana ni mtu wa kuitazama kazi hiyo kabla barabara haijaitazama. Askari wa barabarani huangalia karatasi. Mnunuzi huangalia rangi. Naamini kwa Tanzania VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, zingeweza kulibeba hili pamoja na mafundi wenyewe, kwa kuwateua wale wazee ambao kila gereji inawajua, wawe wakaguzi wa kazi za wenzao, na kila chombo kiandikiwe karatasi yake: chuma gani kimetumika, mzigo gani kimepangiwa, springi zake zina nafasi kiasi gani.

Karatasi ya traiki hii tumeiandika kwa Kiswahili na Kiswidi. Ina idadi ya meno tuliyozungusha kila upande, urefu wa shokapu ikiwa imefungana na ikiwa imenyooka, unene wa bomba, na mchoro wa mahali pembetatu zinapoishia. Nati zote za nyuma zimechorwa mstari wa rangi ya njano unaovuka kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma, ili yeyote atakayechungulia chini aone mara moja kama kuna iliyolegea. Karatasi imefungwa kwenye mfuko wa nailoni chini ya kiti, pamoja na spana inayofaa.